Meli Ilizama na Lamborghini 85, Shangazi Akaniuliza Swali Moja

Wasee, leo nataka kuwaambia kuhusu video mbaya zaidi niliyowahi kuposti.

Ilikuwa Februari 2022. Habari zilikuwa zimesambaa kila mahali kwamba kuna meli inaungua katikati ya bahari, na ndani imejaa magari mapya ya bei kali. Porsche, Audi, Bentley, Lamborghini. Mimi wakati huo nilikuwa na wafuasi wachache sana, nikaona hapa ndipo nitatokea. Nikachukua picha ya ule moshi, nikaweka muziki wa huzuni kwa nyuma, nikaanza kutaja magari moja moja kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo redioni. Sekunde 40 tu. Vicheko vilimiminika. Kuna mmoja alikomenti, "Mimi nalia na hata Vitz sina."

Jioni shangazi yangu wa Likoni akanipigia. Mtu alikuwa ameituma video kwa grupu ya familia. Shangazi hakuwa anacheka.

"Mwanangu, hiyo meli yaitwaje?"

Sikujua.

"Iko bahari gani?"

Hapo nikaanza kugugumia. Mtoto wake, binamu yangu, ni baharia. Anafanya kazi chumba cha injini kwenye meli za kubeba magari, na wiki hiyo alikuwa baharini, simu haishiki. Shangazi alikuwa ameitazama video yangu mara tatu akitafuta jina la meli. Alipata Bentley ni ngapi, akapata Lamborghini ni ngapi. Jina la meli hakupata, na watu waliokuwa ndani hakuwapata popote. Nilikuwa nimehesabu kila kitu kwenye ile meli isipokuwa vile vyenye pumzi.

Nilimwambia anipe dakika tano. Nikatafuta, nikasoma, nikampigia. Meli inaitwa Felicity Ace, iko Atlantiki, si ya mwanawe. Akasema "Alhamdulillahi." Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na hao waliokuwamo, nao si wana mama zao? Wametoka?"

Video niliifuta usiku huo huo. Hii posti ndiyo ningepaswa kuandika badala yake. Imechelewa, lakini nimesoma kweli kweli, kwa hivyo kaa chini.

KILICHOTOKEA

Felicity Ace ilijengwa Japan mwaka 2005, ikapeperusha bendera ya Panama. Urefu wake ulikuwa mita 200, yaani karibu viwanja viwili vya mpira vikifuatana. Tarehe 10 Februari 2022 iling'oa nanga Emden, Ujerumani, kuelekea bandari ya Davisville katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Tarehe 16, ikiwa karibu na Azores, vile visiwa vya Ureno vilivyo peke yake katikati ya Atlantiki, moto ukazuka kwenye mzigo.

Jibu la swali la shangazi ni hili: walikuwa 22, na wote 22 walitoka salama.

Meli ikabaki inaungua peke yake siku kadhaa. Baadaye meli za kuvuta zikafika, zikaifunga nyaya, zikaanza kuivuta kwenda mahali salama. Tarehe 1 Machi, wakiwa bado wanaivuta, ikalala upande na kuzama. Ilikuwa umbali wa kama kilomita 400 kutoka Azores, na bahari pale ina kina cha karibu mita 3,000. Hakuna mtu atakayeenda kuyatoa hayo magari.

Magari yalikuwa karibu 4,000, karibu yote ya makampuni ya familia ya Volkswagen. Porsche zilikuwa kama 1,100, Bentley 189, Lamborghini 85. Kati ya hizo Lamborghini, 15 zilikuwa Aventador Ultimae, toleo la mwisho kabisa la gari hilo. Kiwanda kilikuwa kimeshafunga hesabu, hakutengenezwi nyingine. Sasa unajua walifanya nini? Walirudi kiwandani, wakaanzisha tena kazi, wakatengeneza 15 zingine. Wenyewe wakapata magari yao, wakachelewa tu.

Weka hilo kichwani, tutalirudia.

GOROFA LA KUPAKI MAGARI LINALOELEA

Kabla ya kuendelea, lazima uelewe hizi meli zikoje, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kwa nini zinazama vile zinazama.

Zamani gari lilikuwa linapakiwa kwa winchi kama gunia. Linanyanyuliwa juu, linashushwa ndani ya meli, mara likwaruzwe, mara livunjwe kioo. Japan ilipoanza kuuza magari mengi nje ya nchi, hiyo ikawa kazi ya polepole na ya hasara. Ndiyo maana mwaka 1970 kampuni ya K Line ikaanza kutumia Toyota Maru No. 10, meli iliyojengwa kubeba magari tu, zaidi ya 2,000 kwa safari moja. Gari linaingia likiendeshwa na linatoka likiendeshwa. Meli ina mlango mkubwa unaoshuka kama daraja, na ndani kuna sitaha juu ya sitaha, hata 12, zimeunganishwa kwa njia za kupanda na kushuka. Ni kama lile gorofa la kupaki magari pale mjini, ila hili linaelea.

Magari yanapangwa yakikaribiana sana, kioo cha pembeni kinakaribia kugusa cha jirani. Kila gari linafungwa kwa mikanda kwenye sakafu. Binamu yangu anasema bahari ikichafuka usiku, mikanda maelfu inalia kwa pamoja, na ukiwa mgeni hulali.

Shida iko kwenye ule uzuri wake. Ili magari yapite, sitaha lazima ziwe wazi, bila kuta za kugawa. Meli ya kawaida ya mizigo ina vyumba vyumba. Maji yakiingia chumba kimoja, vingine vinashikilia. Hapa maji yakifika kwenye sitaha iliyo wazi, yanateleza yote upande mmoja. Jaribu kubeba sinia pana lenye maji kidogo ndani yake, utaona. Ukiinama kidogo tu, maji yote yanakimbilia huko, yanazidi kukuinamisha. Ongeza kwamba meli yenyewe ni ndefu kwenda juu kama ukuta, upepo unaisukuma. Na moto nao ukianza, hakuna ukuta wa kuuzuia kwenye sitaha hiyo, na mtu aliyevaa mtungi wa hewa mgongoni hawezi hata kupenya katikati ya magari kuufikia.

TRICOLOR: MELI ILIYOGONGWA MARA TATU

Sasa twende nyuma hadi 2002. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa.

Usiku wa tarehe 14 Desemba 2002, meli ya Norway iitwayo Tricolor ilikuwa inatoka Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Southampton, Uingereza. Ndani ilikuwa na magari zaidi ya 2,800, BMW, Volvo na Saab. Ule mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza ni kama Thika Road saa kumi na mbili jioni, meli zinapita kutwa kucha. Na usiku huo kulikuwa na ukungu mzito.

Meli ya makontena, Kariba, ikijaribu kukwepa meli nyingine, ikaigonga Tricolor ubavuni. Kariba ikaondoka na pua iliyobonyea. Tricolor ikalala upande na kuzama hapo hapo. Mabaharia walikuwa 24, na wote waliokolewa.

Mambo yangeishia hapo, lakini angalia hesabu. Tricolor ilikuwa na upana wa kama mita 32. Kina cha bahari pale ni kama mita 30. Meli imelala kwa ubavu. Maana yake ubavu wa juu uko karibu kabisa na uso wa maji, umejificha kama bampu isiyopakwa rangi, katikati ya barabara yenye shughuli nyingi kuliko karibu zote duniani.

Wakaweka meli ya ulinzi. Wakaweka maboya. Wakatangaza kwenye redio. Tarehe 16 Desemba, siku mbili tu baadaye, meli iitwayo Nicola ikaja ikaipanda, ikabidi ivutwe kutolewa. Wakaongeza maboya na walinzi. Tarehe 1 Januari 2003, meli ya mafuta iitwayo Vicky, imebeba kama tani 70,000, ikapita walinzi wote ikaigonga tena. Mwaka mpya, buda! Bahati yao Vicky haikupasuka vibaya. Fikiria tani 70,000 za mafuta kwenye fuo za Ufaransa na Ubelgiji.

Ikabidi ile meli iondolewe. Lakini utatoaje meli ya mita 190 iliyojaa magari? Waliikata kama mkate. Walipitisha kebo nene yenye meno magumu chini ya meli, wakaivuta huku na huku kutoka pande mbili hadi ikakata chuma chote, na magari yaliyokuwa njiani. Vipande tisa. Kila kipande kikanyanyuliwa na winchi zinazoelea, kikapelekwa kuwa skrepa. Kazi nzima ilichukua zaidi ya mwaka, ikaisha 2004. Mafuta pia yalivuja, na ndege wengi wa baharini wakapakwa.

Picha za vile vipande ziko mtandaoni. Unaona sitaha kama za keki, na katikati yake BMW mpya zimebanwa bapa kama makopo ya soda. Watu bado wanaziposti kila mwaka. Na mimi nilipoziona mara ya kwanza nilifanya nini? Nilicheka. Kuna kitu kuhusu gari la bei kuharibika kinachotufurahisha sisi tusio nalo. Nadhani ni kisasi kidogo. Wewe uko kwenye mathree, umesimama, mkono wa mtu uko puani mwako, halafu unaona Bentley imezama. Unahisi kama dunia imesawazishwa kidogo.

Sisemi ni dhambi. Nasema tu kuna mtu tunamruka.

BALTIC ACE

Sasa nikuulize. Umewahi kuona meme ya Baltic Ace?

Hata mimi sijawahi. Tarehe 5 Desemba 2012, jioni, kwenye Bahari ya Kaskazini karibu na Uholanzi, Baltic Ace ilikuwa inatoka Zeebrugge kwenda Kotka, Finland, na magari 1,417, Mitsubishi. Ikagongana na meli ya makontena, Corvus J. Lile sinia lenye maji nililokuambia ndilo lililofanya kazi hapa. Meli ilizama ndani ya dakika 15.

Dakika 15, wasee. Desemba, usiku, maji ya baridi kali. Mabaharia walikuwa 24, kutoka Poland, Ufilipino, Ukraine na Bulgaria. Waliokolewa 13. Watu 11 walikufa.

Hakuna aliyetengeneza video ya huzuni ya kuchekesha kuhusu hiyo, na kwa kweli nashukuru. Lakini pia hakuna aliyeijadili. Mitsubishi za kawaida hazina mvuto, na Mfilipino wa chumba cha injini hana mashabiki. Mabaki yake yaliondolewa kufikia 2015, kwa sababu yalikuwa na mafuta na yalikuwa kwenye njia ya meli ziendazo Rotterdam. Basi.

Rudi sasa kwa zile Aventador 15. Kiwanda kilifunguliwa upya, zikatengenezwa zingine, kila mwenye oda akapata yake. Mitsubishi 1,417 nazo zingeweza kutengenezwa zingine. Wale 11 hakuna kiwanda cha kufungua.

"NI GARI ZA UMEME"

Najua kuna mtu ameshakimbilia komenti kuandika "ni betri." Tulia kidogo.

Ni kweli Felicity Ace ilikuwa na magari ya umeme, na mkuu wa bandari ya Horta kule Azores alisema betri za lithiamu zilikuwa zinaendeleza moto. Lakini kuendeleza moto na kuuanzisha ni vitu viwili. Betri hizi zikipata joto kupita kiasi, seli moja inaipasha ya jirani, nayo inaipasha inayofuata. Meli nyingi huzima moto kwa kufunga sitaha na kujaza kaboni dayoksaidi ili moto ukose hewa. Hiyo inasaidia, lakini haiipozi betri. Unaweza kudhani umezima, ikawaka tena.

Julai 2023 meli ya Fremantle Highway iliungua karibu na kisiwa cha Ameland, Uholanzi, ikiwa na magari zaidi ya 3,700, karibu 500 ya umeme. Kila mtu akasema betri. Haikuzama, ikavutwa hadi bandarini, na kwenye sitaha za chini wakakuta magari mengi hayajaungua, yakiwemo ya umeme. Lakini moto ulipokuwa mkali, baadhi ya mabaharia waliruka kutoka juu ya ile meli ndefu hadi baharini. Mmoja alikufa.

Na Juni 2025 ikawa Morning Midas, kutoka Yantai, Uchina, kwenda Mexico, magari kama 3,000. Iliungua kusini mwa visiwa vya Alaska, ikazama baada ya kama wiki tatu, mahali penye kina cha karibu mita 5,000. Mabaharia 22 wote walitoka kwa mashua ya uokoaji wakachukuliwa na meli nyingine. Mtandaoni mjadala ulikuwa nini? Ulikuwa umeme dhidi ya petroli tena, kama mechi ya Gor na Ingwe.

HII INATUHUSU NINI?

Inatuhusu sana. Karibu kila Vitz, Demio, Fielder na Probox unayoiona hapa ilishuka Mombasa ikitoka kwenye meli ya aina hii. Sheria yetu inataka gari lililotumika lisizidi miaka minane, usukani uwe kulia, ndiyo maana Japan imekuwa duka letu. Mama anayechukua mkopo wa sacco kuagiza gari ya teksi ameweka maisha yake kwenye moja ya zile sitaha kwa wiki kadhaa bila kujua.

Na kama uko karibu kuagiza, sikia hili. Kuna desturi ya kale ya bahari, imekuwepo tangu enzi za Wagiriki, kwamba meli ikiwa hatarini na kitu kikatolewa sadaka ili kuiokoa, wenye mizigo wote wanachangia hasara. Ikiwa meli iliyobeba Vitz yako imeokolewa kwa gharama kubwa, unaweza kuambiwa uchange kabla ya kupewa gari lako, hata kama halina mkwaruzo. Bima ya baharini ndiyo inayokulipia hapo. Usiagize gari bila hiyo ati unaokoa pesa kidogo.

Lakini hata hiyo bado ni habari ya magari. Ndani ya hiyo meli iliyoleta Fielder ya babako kulikuwa na watu kama ishirini hivi. Walikaa miezi mbali na kwao, wakakagua mikanda na kukesha na injini. Hatuwajui hata mmoja.

HESABU MPYA

Binamu yangu aliponipigia wiki mbili baadaye akiwa amefika bandari yenye mtandao, nilimwomba msamaha. Alicheka. Akasema hata wao kwenye meli walicheki zile Lamborghini, wakabishana ni ipi wangechukua. "Lakini kabla ya hapo," akasema, "tuliuliza kwanza kama jamaa wametoka. Hiyo ndiyo ya kwanza siku zote."

Kwa hivyo narudia ile video, safari hii kwa maandishi na kwa mpangilio wa mabaharia.

Tricolor, 2002: walikuwa 24, walirudi 24.

Cougar Ace, 2006, ile iliyolala upande karibu na Alaska na Mazda zaidi ya 4,700, haikuzama: walikuwa 23, walirudi 23. Baadaye mtaalamu mmoja wa timu iliyokwenda kuiokoa alianguka ndani yake akafa. Mazda zote ziliharibiwa makusudi ili zisiuzwe.

Baltic Ace, 2012: walikuwa 24, walirudi 13.

Felicity Ace, 2022: walikuwa 22, walirudi 22.

Fremantle Highway, 2023: walikuwa 23, walirudi 22.

Morning Midas, 2025: walikuwa 22, walirudi 22.

Likizo iliyopita nilimwekea shangazi programu ya kufuatilia meli kwenye simu. Kila meli ni mshale mdogo. Katikati ya bahari mshale wakati mwingine unapotea siku kadhaa kwa sababu mawimbi ya redio hayafiki, na siku hizo ananipigia mara mbili kwa siku. Sasa najua cha kumjibu. Namwambia jina la meli, iko bahari gani, na ilionekana mara ya mwisho saa ngapi.

Jana usiku mshale ulikuwa unapita Sri Lanka.